Mliosoma sheria ya urithi na wosia hapa Bukavu, tupeane uzoefu

Jambo kwenu wote. Muhula huu tumeanza somo la urithi na wosia. Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 pamoja na marekebisho ya 2016 naisoma na naielewa. Kinachonishinda ni maswali ya kesi: marehemu kaacha fulani na fulani, gawa. Mliopita hapo, mlifanyaje? Na mwenye yaliyomkuta kwenye familia au kwenye staji, alete pia. (Staji ni mafunzo ya kazi kwa wakili.)

Mukubwa wa Kadutu
Mdogo wangu, usikimbilie hesabu. Sisi tuliletewa hili: mzee wa ndoa ya serikali kafa bila wosia, kaacha mjane na watoto watatu, hana wazazi wala ndugu. Nyumba waliyojenga pamoja ni ya dola 48 000. Wengi wakaandika watoto robo tatu, mama robo, wakatoka wanacheka.

Kumbe mali ya ndoa inavunjwa kwanza. Wenzi wasipochagua utaratibu mwingine, walichochuma ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Kwa hiyo 24 000 ni za mama mwenyewe, haziingii kwenye urithi kabisa. Zinazogawiwa ni zile 24 000 nyingine. Watoto, daraja la kwanza la warithi, robo tatu: 18 000. Robo ni ya daraja la pili, lenye makundi matatu: mwenzi aliyebaki, wazazi, ndugu. Yakiwepo yote, kila kundi sehemu moja ya 12 ya urithi wote. Yakiwa mawili, kila moja sehemu moja ya nane. Likiwa moja tu, kama hapa, nalo ni moja ya nane: 3 000. Zile 3 000 za mwisho zinarudi kwa watoto, kila mmoja atoke na 7 000. Profa anategea hapo hapo kila mwaka.

Dada wa Bagira
Hesabu ndiyo sehemu rahisi. Baba mdogo alipofariki, nikaitwa kwenye kikao cha ukoo matanga hayajaisha, eti mimi ndiye mwanasheria. Wazee walishapanga: nyumba ibaki kwa ndugu, mjane arudi kwao. Nikawaeleza kwamba mwenzi aliyebaki ana haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Shangazi akaniangalia: "Kumbe siku hizi wewe ndiye mzee wa ukoo?" Kilichowachoma zaidi ni kusikia kwamba mabinti wana fungu sawa na kaka yao.

Mama mdogo yumo ndani ya nyumba mpaka leo. Shamba la kalinzi, yaani la kimila lililotoka kwa chifu, kule Walungu ni habari nyingine. Wajanja walishalilima, na hakuna aliyetaka kwenda kulisema mbele ya chifu. Silabasi haina ukurasa wa hilo.

Wa staji
Kwa wakili niliyekuwa naye alikuja mzee mmoja na wosia umechapwa kwenye kompyuta, picha ya pasipoti kona ya juu, mihuri miwili, sahihi chini. Unapendeza kweli. Bosi akamsukumia kalamu na karatasi tupu: kama hutaki kwenda kwa notè, afisa wa kuthibitisha hati, andika wote kwa mkono wako, neno kwa neno, weka tarehe, tia sahihi. Mzee alinuna, maana mihuri aliilipia.

Mama wa Nyawera
Mimi sisomi sheria, nauza vitenge. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa?

Mukubwa wa Kadutu
Mama, anarithi sawasawa na wa ndani, mradi baba awe amemtambua kisheria akiwa hai. Maneno ya "kila mtu anajua ni wake" yanaleta kesi tu.

Mama wa Nyawera
Baba yupo Kamituga, anatuma na pesa ya shule.

Mukubwa wa Kadutu
Pesa ya shule ni nzuri, lakini akishuka tu Bukavu mfikishe eta sivile, ofisi ya kuandikisha vizazi na ndoa, amtambue mtoto kabla hajapanda gari la kurudi.