Mjadala: Serikali ya Ireland ya Kaskazini itangulize Lough Neagh au tabianchi?

Wapo wanaoshikilia kwamba serikali ya Ireland ya Kaskazini, kwa kuwa fedha zake ni chache, itangulize utekelezaji wa sheria ya tabianchi ya 2022, inayotaka utoaji wa gesi zinazopasha dunia joto ufikie sifuri halisi mwaka 2050, yaani kiasi kinachotolewa kisizidi kile kinachoondolewa hewani. Naiheshimu hoja yao, lakini naona ziwa Lough Neagh ndilo litangulie.

Ziwa hilo huwapatia wakazi takriban asilimia 40 ya maji ya kunywa. Kiangazi cha 2023 lilitandwa na mwani wa buluu-kijani wenye sumu, na tatizo hilo limejirudia baadaye. Chanzo chake kikuu kinajulikana: ni fosforasi, kirutubisho kinachostawisha mwani, ambayo sehemu kubwa hutoka mashambani, kwenye samadi na mbolea zinazomwagwa juu ya ardhi iliyokwisha kushiba, na nyingine hutoka kwenye mitambo ya majitaka iliyozidiwa. Kinachonitia uchungu zaidi ni kwamba fosforasi iliyotuama katika tope la ziwa itaendelea kurudi majini kwa miongo kadhaa, hata uchafuzi ukikomeshwa leo, na kila mwaka unaopita bila hatua huongeza akiba hiyo chini ya maji.

Wakulima husema kwamba serikali yenyewe iliwahimiza kuongeza uzalishaji. Ni kweli, maana mkakati wa 2013 wa sekta ya chakula ulilenga ukuaji, na kwa sababu hiyo si haki gharama ya kuchakata samadi na kuiondoa katika bonde la ziwa kubebeshwa mkulima peke yake.

Hata hivyo, fedha bila usimamizi hazitatosha. Wakala wa mazingira uko ndani ya wizara ileile inayoendeleza kilimo, na Ireland ya Kaskazini ndiyo sehemu pekee ya Uingereza isiyo na mamlaka ya mazingira inayojitegemea. Ningeanza hapo, kabla ya kuandika mpango mwingine wowote.

Ng'ombe wanaotoa samadi hiyo ndio hao hao wanaotoa methani, mojawapo ya gesi zinazopasha dunia joto, kwa hiyo kupunguza mzigo wa mifugo katika bonde la ziwa kungesaidia pia lengo la 2050. Anayetaka tabianchi itangulie namwomba atueleze: ni hatua gani nyingine ingegusa maji ya kunywa na gesi hizo kwa pamoja?