Tumechanga milioni 7.2 kwa ajili ya kijiji chetu Sikonge. Tuzifanyie nini? Naomba ushauri

Mwana wa Sikonge aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, halafu mnishauri kama ndugu yenu.

Mimi ni mwenyeji wa kijiji kimoja wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora. Kwa sasa nipo Dodoma kikazi. Tuko watu 41 tuliozaliwa pale tukatawanyika, wengine Dar, wengine Mwanza, wawili wako Oman. Mwaka jana tulifungua kundi la WhatsApp tukakubaliana kila mmoja atoe 15,000 kwa mwezi. Wapo waliokosa mwezi mmoja mmoja, lakini hadi leo tuna milioni 7.2 benki.

Sasa pesa imepatikana, maelewano yamepotea. Mwenyekiti wetu anataka kisima kirefu, na fundi aliyetupigia hesabu ametaja milioni 22. Walimu waliomo kwenye kundi wanataka vitabu na madawati. Wengine wanasema tuwape akina mama mitaji. Wiki ya tatu hii tunabishana, na wawili wameshajitoa.

Mimi sina upande, ila nina mzigo moyoni. Mwezi Machi dada yangu alifiwa na mtoto wa miaka mitatu. Wakati wa kukausha tumbaku familia nzima huhamia shambani na kulala kwenye kibanda jirani na bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwa sababu moto lazima uangaliwe usiku kucha. Mtoto alianza kuchemka jioni. Saa sita usiku akashikwa na degedege. Bibi mmoja akasema hiyo si ya hospitali, wakampeleka kwanza kwa mganga. Walipoamua kwenda zahanati, bodaboda alitaka 25,000, na nyumba nzima haikuwa nayo, maana tumbaku ilikuwa bado haijafika sokoni. Mimi nilipata ujumbe saa kumi na mbili asubuhi. Nilituma pesa saa hiyo hiyo. Ilimkuta mpwa wangu ameshakata roho.

Kwa hiyo swali langu ni hili. Kwa pesa ndogo kama hii, ni kitu gani kitakachowafaa watu wengi zaidi, na kuwafaa kweli? Sitafuti jiwe la kuandikwa majina yetu.

---

Nesi Kaliua alijibu:

Pole sana kaka yangu. Mungu amlaze mtoto pema. Nimefanya kazi zahanati za mkoa huu miaka mingi na hadithi hiyo naijua kila Machi na Aprili.

Mjue mahali mlipo. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa na kukutwa na malaria walikuwa 8% kwa nchi nzima. Tabora ilikuwa 23%, juu ya mikoa yote. Kwa hiyo mtu akiuliza adui wa kwanza wa mtoto wa kwetu ni nani, mimi sina haja ya kufikiri.

Lakini msikimbilie kununua vyandarua mvigawe nyumba kwa nyumba. Mama hupewa chandarua bure anapoanza kliniki ya ujauzito, mtoto naye hupewa akija chanjo ya surua ya miezi tisa. Kipimo cha haraka na dawa ya mseto kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ni bure. Ukiingia nyumba nyingi za huku utakuta chandarua kipo. Kiko kitandani, kijijini. Mtoto yuko shambani kwenye kibanda. Umeona pengo lilipo? Hakuna mpango wowote niliowahi kuuona unaohesabu vibanda vya mabani kama mahali watu wanapolala.

Na hilo la degedege: malaria ikipanda kichwani mtoto hukakamaa, macho yanageuka, watu wanaona ni mashetani. Muwe na mtu wa kulisema hilo kabla ya msimu, siyo usiku wa tukio.

---

Mwalimu wa Busia alijibu:

Ndugu, naandika kutoka Kenya. Pole kwa msiba.

Hapa Busia tulikuwa kama shamba la majaribio kwa swali unalouliza. Miaka ya 1990 mtaalamu wa uchumi Michael Kremer na wenzake walianza kupima misaada ya shule jinsi wanavyopima dawa: shule hizi zipate, zile zingoje, kisha tulinganishe. Vitabu vya kiada vilipogawiwa, wengi tulitegemea alama zipande. Zilipanda kwa wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali tu. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza kigumu na mtoto wa kawaida hakuweza kuvisoma. Dawa ya minyoo, ambayo gharama yake ni ndogo mno, ilipunguza utoro kwa karibu robo, na hata watoto wa jirani ambao hawakumeza walinufaika kwa kuwa minyoo ilipungua mazingirani. Mwaka 2019 Kremer alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Sisemi mnunue dawa za minyoo, kwenu nazo hugawiwa shuleni. Nasema kitu kinachoonekana kizuri kwa macho kinaweza kuzidiwa na kitu kidogo ambacho hakuna anayekipigia picha. Kila pendekezo la kundi lenu lijibu maswali matatu: tatizo ni kubwa kiasi gani, kuna ushahidi kwamba dawa hii inalitibu, na je, kuna mwingine tayari analipia?

---

Mrina Asali alijibu:

Mkuu, mimi nitatofautiana na dada nesi kidogo. Mtoto aliumwa malaria, sawa. Lakini kilichomzuia kufika zahanati ni 25,000. Huo ni ugonjwa wa mfuko.

Mkulima wa tumbaku anakopeshwa pembejeo kupitia chama chake, analima tangu kitalu mwezi wa nane au wa tisa, na pesa anaiona baada ya masoko kufunguliwa mwaka unaofuata, ikiwa imeshakatwa deni. Katikati hapo hana kitu. Chakula chenyewe kinapungua, wanabaki na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na nsansa (mboga za majani zilizokaushwa). Na kila bani linakula kuni, misitu ya miombo inaisha, nyuki wanahama. Nashauri mizinga kwa vikundi vya akina mama. Asali ya Tabora ina soko na jina tangu zamani. Watu wakiwa na pesa ya pili mwaka mzima, hawatahitaji michango yenu tena.

---

Mwana wa Sikonge alijibu:

Mrina, nimekuelewa na inauma kwa sababu ni kweli. Ila mizinga leo, asali lini? Na Machi ijayo inakuja.

Dada nesi, hilo la vibanda limenikosesha usingizi. Nimekulia kwenye vibanda hivyo na sikuwahi kuliwaza. Je, kuhusu kisima? Mwenyekiti hataki kusikia kingine, na si mtu mbaya, mama yake alichota maji kilomita nne hadi anazeeka.

---

Fundi Pampu alijibu:

Kuhusu kisima naomba nijibu mimi, ndiyo kazi yangu.

Serikali ilipohesabu vituo vya maji vijijini mwanzoni mwa miaka ya 2010, karibu 4 kati ya kila 10 vilikutwa havitoi maji. Maji yalikuwepo ardhini. Kilichokosekana ni mpira wa shilingi chache, mtu wa kuufunga, na mfuko wa kuulipia. Milioni 7.2 hazifikishi kisima cha milioni 22, na kisima nusu ni shimo. Kabla ya chochote nendeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, ofisi ya wilaya, muulize kijiji kiko kwenye mpango gani. Maji ya Ziwa Victoria yameshafika Tabora mjini, na Sikonge imo kwenye ule mradi wa maji wa miji 28. Msije mkachimba mahali ambapo bomba linakuja.

Kama kuna pampu ya mkono iliyokufa pale kijijini, hiyo ndiyo bahati yenu. Kufufua pampu moja mara nyingi ni sehemu ndogo sana ya bei ya kuchimba upya. Mwambieni mwenyekiti aanzie hapo, heshima yake ibaki.

---

Binti Isevya alijibu:

Kaka, umetaja mwenyekiti, walimu, fundi, na watu wa Oman. Dada yako ambaye ndiye aliyemzika mtoto amesemaje? Wanawake wanaolala kwenye vibanda hivyo wamesemaje? Wapigie kwanza, halafu urudi hapa.

---

Abuu T alijibu:

Poleni. Allah awape subra.

---

Mpenda Hesabu alijibu:

Nitasema jambo ambalo huenda halitapendeza, ila nalisema kwa nia njema.

Chandarua chenye dawa, kuanzia kununuliwa mpaka kumfikia mtu kwa njia ya ugawaji mkubwa, ni kama dola 5, tuseme 13,000. Kwa 7.2 zenu ni zaidi ya vyandarua 550. Kila kimoja hulaliwa na watu wawili kwa miaka miwili mitatu. Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha vyandarua hivi hupunguza vifo vya watoto kwa karibu 17%. Mwaka 2022 malaria iliua watu wapatao 608,000 duniani, wengi wao watoto wadogo wa Afrika. Sasa kwa nini kijiji chenu tu? Mtoto wa kijiji ambacho hakina hata mmoja aliyefika Dodoma, nani atamchangia? Pesa iende palipo na uhitaji mkubwa zaidi, hata kama hamna ndugu huko.

---

Mwana wa Sikonge alijibu:

Mpenda Hesabu, sijakasirika. Nimelisoma mara mbili.

Nikueleze ninavyoona. Watu hawa 41 wasingetoa hata mia kwa ajili ya mahali wasipopajua. Wanatoa kwa sababu wanamkumbuka bibi fulani na mwembe fulani. Ila umenipa wazo la kupeleka kwenye kundi: kila mwaka sehemu ya mchango, hata moja ya kumi, iende kijiji kingine cha wilaya yetu ambacho hakina watu nje. Naamini watakubali tukishaona letu limefanya kazi.

---

Mwalimu wa Busia alijibu:

Hilo ni jibu zuri. Na msikate tamaa kwamba tatizo ni kubwa mno. Mwaka 1990 watoto waliokufa duniani kabla ya kufika miaka mitano walikuwa zaidi ya milioni 12. Mwaka 2022 walikuwa chini ya milioni 5, ingawa dunia ina watu wengi zaidi. Hakuna muujiza mmoja uliofanya hivyo. Ni chanjo, chumvi-sukari ya kuharisha, vyandarua, mama kusoma, barabara kufika. Ni vitu vya bei ndogo vilivyofika mahali vilipokuwa havifiki.

---

Mwana wa Sikonge alijibu (siku nne baadaye):

Wakuu, nimerudi. Binti Isevya, asante. Nilimpigia dada. Jumapili aliwakusanya akina mama 23 chini ya mwembe wa shule, simu ikawekwa spika nikasikiliza saa nzima. Nilitegemea waseme maji au mitaji.

Kitu cha kwanza walichotaja ni usiku. Mmoja alisema: "Mchana tunajua la kufanya. Usiku hatuna mtu." Tangu mvua za mwaka juzi watoto watatu wamefia njiani au kabla ya kuondoka. Wajawazito siku hizi wana gari la m-mama wakipiga 115, linawachukua wao na vichanga. Mtoto wa miaka mitatu hayumo kwenye mpango huo.

Kwa hiyo wameomba mfuko wa safari ya usiku. Wana kikoba chao chenye sanduku la funguo tatu, na tangu kianze hakijapoteza shilingi. Tutaweka milioni 1.5 humo. Vijana watatu wa bodaboda wamekubali bei moja, 15,000 usiku wowote, wanalipwa na kikoba asubuhi hata kama mzazi hana kitu. Mzazi atarudisha nusu baada ya masoko, asiyeweza atasamehewa na akina mama wenyewe, siyo sisi.

Cha pili ni vyandarua vya vibanda. Wamehesabu vibanda 138. Cha tatu pampu: Fundi, ipo moja nyuma ya shule imekufa miaka minne, na mwenyekiti amekubali kuisimamia kwa mikono yake. Akina mama wa mizinga nao wameandikwa kwa mwaka kesho, Mrina nitakutafuta.

Dada hakusema mengi. Mwishoni tu aliuliza kama mfuko unaweza kuanza kabla ya Machi. Nimemwambia utaanza mwezi huu.

Tunakwenda Jumamosi ya wiki ijayo na vyandarua. Dada nesi, kuna kitu tumesahau?

---

Nesi Kaliua alijibu:

Ongeeni na mganga mfawidhi wa zahanati yenu kabla ya kugawa, aje mwenyewe aseme habari ya degedege mbele ya watu. Mwiteni na yule bibi, na yule mganga wa kienyeji pia, wakae mbele. Msiwaaibishe. Huyo mganga wa kienyeji akikubali kumwambia mzazi "peleka zahanati kwanza, kisha uje kwangu", mmepata mlinzi wa usiku mzima.

Chagueni vyandarua vipana, maana kibandani hulala watu wanne kwenye mkeka mmoja.

Na mbebe kamba, nyingi. Kwenye vibanda hakuna pa kutundikia.