Naomba ushauri: Desemba tupande kwenda nyumbani Rombo kwa Krismasi au tubaki Moshi tumalize deni?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tunaishi Pasua, Moshi, tuna watoto watatu. Mume wangu ni fundi seremala, mimi nauza mitumba soko la Memorial.

Krismasi iliyopita tulipanda Rombo tukamaliza kila kitu: nauli, mbuzi, sukari na vitenge vya wazee, mchango wa ukoo. Januari ikatukuta mikono mitupu. Shule za serikali hazina ada, lakini sare, viatu na madaftari havikwepeki. Tukakopa 500,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, riba asilimia 20 kwa mwezi. Miezi minne tulilipa riba tu, laki moja kila mwezi, deni lenyewe likabaki palepale. Nililia sana mbele za Mungu. Kweli akopaye ni mtumwa wa akopeshaye.

Sasa tumebakiza 150,000 na tumekubaliana hatukopi tena. Fungu la kumi tunatoa kwanza, mahindi tunanunua gunia wakati wa mavuno, mboga tunalima kwenye viroba nyuma ya nyumba.

Shida ni Desemba. Nimependekeza mume apande na mtoto mkubwa tu. Lakini mama mkwe ameshaanza kuulizia wajukuu, na kwetu Wachaga asiyeonekana nyumbani Krismasi husemwa. Sitaki kumvunja moyo, ananipenda kama binti yake.

Waliopitia haya, mliwaambiaje wazazi? Na mchango wa ukoo, mliombaje kupunguziwa bila kuonekana mnajitenga?