Shule ya umma ipimwe na nini hasa?

mama_wa_umoja:
Wazazi wenzangu hamjambo. Niko na mtoto gredi ya 5 shule ya serikali hapa Umoja, Nairobi, mwakani anafanya KPSEA, ule mtihani wa gredi ya 6. Tangu KCPE, mtihani wa zamani wa darasa la 8, iishe 2023 sijui nitajuaje kama shule inafundisha ama watoto wanakaa tu, zamani unauliza wastani wa shule unaambiwa, saa hii nikiuliza najibiwa mtoto wangu "anakaribia matarajio", hicho ni kiwango chake tu, sawa, na shule yenyewe je? Nasikia Marekani kuna sheria kabisa inalazimisha kila shule ya umma ipimwe na wazazi waonyeshwe. Anayeijua anieleze tafadhali, si ingetufaa hapa?

daftari_safi:
Hatujambo mama. 2002 Bush alitia sahihi sheria ya No Child Left Behind, kila mwanafunzi gredi ya 3 hadi ya 8 afanye mtihani wa kusoma na hesabu kila mwaka, halafu mara moja akiwa sekondari. Lengo lilikuwa linapandishwa mpaka ikifika 2014 watoto wote, asilimia 100, wawe wamefuzu. Shule za maeneo maskini zikikosa lengo miaka 2 mfululizo mzazi anaruhusiwa kuhamisha mtoto, zikizidi kukosa zinaweza hata kubadilishiwa walimu.

Kuna kitu kimoja hapo ningekitaka kesho asubuhi: matokeo lazima yagawanywe, watoto wa familia maskini peke yao, wenye ulemavu peke yao, wanaojifunza Kiingereza peke yao. Shule haijifichi nyuma ya wastani mzuri na kuna watoto wameachwa darasa hilo hilo.

Lakini presha iliharibu mambo. Kule Atlanta uchunguzi wa 2011 ulikuta wizi wa mtihani shule 44, walimu na wakuu 178 wakatajwa, watu wazima wanafuta majibu ya watoto na kujaza yao, na mtoto ambaye hajui kusoma anaonekana anajua kwa hivyo hapati msaada. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. 2015 Obama akatia sahihi sheria ya ESSA iliyochukua nafasi ya hiyo, mitihani ikabaki ila kila jimbo likajipangia zaidi, na wanaangalia pia kitu nje ya mtihani, wengi walichukua utoro. Shule zilizo asilimia 5 ya chini lazima zitambuliwe na ziwekewe mpango wa kusaidiwa.

mwalimu_eastlands:
Mama Umoja, mimi ni mwalimu na orodha za magazetini za kupanga shule kwa wastani wa mtihani sizitaki zirudi, Kaimenyi akiwa waziri wa elimu alipozifuta 2014 nilishukuru. Kuna shule zilikuwa zinawakaririsha watoto darasa ama kuwasajili wale wadhaifu kituo kingine ili wastani usishuke, huyo mtoto anaenda kufanya mtihani kwa watu asiowajua na kila mtu anajua sababu.

Niko na msichana alikuja gredi ya 4 hawezi kuunganisha silabi, anasema "ba" kisha ananiangalia mdomo angoje nimalizie. Tulikuwa tunabaki naye wakati wenzake wako uji. Mwisho wa mwaka akanisomea ukurasa mzima na akanieleza kilichotokea kwa hadithi. Kwa karatasi bado yuko chini ya matarajio! Kipimo kisichoona hiyo safari kinapima tu mtoto ametoka nyumba gani. Huko Florida shule zinapewa gredi A hadi F tangu 1999 lakini wanahesabu pia mtoto amesonga kiasi gani kutoka mwaka jana, hiyo ndiyo tukiiga tuige.

mama_wa_umoja:
Asante sana mwalimu, Mungu akubariki kwa huyo mtoto. Sasa mkutano wa wazazi uko karibu, niulize nini?

mwalimu_eastlands:
Chama cha wazazi kiko kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kwa hivyo usiombe kama msaada. Uliza darasa la mtoto wako lilianza na watoto wangapi gredi ya 1 na wamebaki wangapi, na walioondoka walienda wapi. Uliza ni wangapi gredi ya 4 wanasoma aya moja bila kusaidiwa. Halafu uliza walimu wangapi wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, na wangapi mnawalipa wenyewe, ju kama mwalimu mmoja ana watoto 80 hilo ni la serikali kujibu, usimwachie mwalimu mkuu peke yake.

daftari_safi:
Na majibu yaandikwe kwa kumbukumbu za mkutano, mwakani muulize maswali yale yale.