Nimeua hamonika kwa sababu ya "vuta kwa nguvu" yenu

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie. Miezi minne nakesha na hamonika ya C, ile ya matundu 10, natafuta kupinda sauti, yaani kuiteremsha iteleze chini, kama wapiga bluzi. Kila niliyemuuliza jibu lake moja: vuta kwa nguvu, itapinda yenyewe. Nikajikuna, nikamlipa mwalimu. Naye wimbo uleule: "Vuta kaka, vuta kiume!" Nimevuta mpaka naona nyota mchana. Sasa kibati cha tundu la 4, kile kinachotetema na kutoa sauti, kimechoka, hata nikivuta taratibu sauti iko chini ya pale inapotakiwa. Elfu sitini yangu hiyo.

Juzi mzee mmoja wa kwaya kanisikia nikihangaika, akauliza, "Unavuta nini wewe, soda?" Akanipa hamonika yake. Akasema vuta pumzi ndogo, usitoe sauti ya koo, mdomo uumbe "iii" halafu uteleze kwenda "uuu", ulimi urudi nyuma wenyewe. Na pua nifunge, hewa isivujie huko. Tundu la 4. Mara ya sita au ya saba hivi, re (yaani D) ikateleza nusu toni chini, laini kabisa, kama mtu anayeguna. Nilikaribia kulia, si kwa furaha tu.

Maana kumbe kila tundu lina vibati viwili, cha kupuliza na cha kuvuta. Ukipinda kwa kuvuta, vyote viwili vinashiriki, na sauti inashukia kwenye nafasi iliyopo kati yao, basi. Tundu la 3 unavuta B, unapuliza G, kwa hiyo katikati unazipata B flati, A na A flati. Ndiyo maana linatesa: kushuka si kazi, kazi ni kusimama pale unapotaka. Mzee kaniambia niweke simu mbele, programu ya kupimia sauti, niangalie mshale.

Haya, tundu la 5 je? Unavuta F, unapuliza E. Zimebanana, hakuna nusu toni ya kupinda hapo, labda kuyumbisha kidogo tu. Na mwalimu wangu alinipa tundu la 5 kama kazi ya nyumbani. WIKI TATU! Kila jioni nalivuta tundu la 5, jirani anagonga ukuta, nami najiona sina kipaji.

(Na nyie wauza maduka, binamu yangu kauziwa hamonika ya aina ya tremolo, ya matundu 24, kaambiwa "hii ndiyo ya bluzi." Kwenye tremolo kila kibati kina chumba chake, vitashirikianaje?)

Mwalimu, najua upo humu na unasoma. Sitaki samahani. Nirudishie elfu sitini yangu, au njoo Jumamosi unipindie tundu la 5 mbele ya watu.