Ukanda wa rangi ya zabibu unachanika ndani ya kolamu: naomba ushauri

Mleta uzi (Dodoma): Wanajamvi, habari za leo. Ninatenganisha rangi za maganda ya zabibu nyekundu za Makutupora kwa kolamu ya kioo (bomba lililosimama) iliyojazwa Sephadex LH-20, yaani punje laini za kutenganishia kemikali, nikipitisha mchanganyiko wa methanoli na maji. Ukanda huanza ukiwa umenyooka, lakini baada ya sentimita chache upande wake wa nyuma huchanika kama vidole, na kila chupa ninayokingia hupata rangi zilizochanganyika. Nimeijaza kolamu upya mara tatu bila mafanikio. Mchujo wangu unanata kama asali kwa sababu ya sukari. Je, nipunguze kasi?

Fundi Maabara: Ndugu, sidhani kama kosa ni la kolamu. Kimiminika chenye mnato mdogo kinapokisukuma chenye mnato mkubwa kati ya punje, mpaka wao hautulii: popote kile chenye mnato mdogo kinapotangulia kidogo, upinzani hupungua, nacho huzidi kupenya. Wanasayansi Saffman na Taylor walilieleza jambo hili mwaka 1958, na mwenzao Hill alikwisha kuliandika mwaka 1952 kuhusu kolamu za kusafishia sukari. Pitisha mchujo uleule, kwa ujazo uleule, ukiwa umezimuliwa mara tano. Vidole vikitoweka, kisa ni mnato. Vikirudi mahali palepale, ndipo uulaumu ujazaji.

Mkemia wa Nkuhungu: Naafiki, ila kuhusu kasi tafadhali uwe mwangalifu. Maji ya sukari yana uzito pia, na kolamu yako hutiririka kwenda chini. Ukipunguza kasi, nyuma patatulia, kwani huko kilicho chepesi kimekaa juu ya kizito. Lakini mbele hali ni kinyume, na sukari itazama ikivuta rangi pamoja nayo. Itoe sukari kwanza: pitisha mchujo kwenye resini ya XAD-7 (punje zinazonasa rangi na kuiacha sukari ipite), osha kwa maji yenye asidi kidogo, kisha itoe rangi kwa methanoli yenye asidi.

Mleta uzi: Nashukuru sana. Nimezimua jioni hii, na ukanda umeshuka ukiwa umenyooka hadi chini. Nikishaondoa sukari, niiyeyushe rangi kwa methanoli tupu?

Mkemia wa Nkuhungu: Hapana, tumia mchanganyiko uleule unaopita kwenye kolamu. Methanoli ikichanganywa na maji huwa na mnato mkubwa kuliko kila kimoja peke yake, kwa hiyo sampuli iliyo katika methanoli tupu itakuwa na mnato mdogo kuliko kimiminika kilicho mbele yake, na vidole vitahamia upande wa mbele.