Sahani za bei mbaya na za bei chee: tofauti iko wapi? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

Bi_Sinia (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nataka kubadili vyombo vya mezani vyote: sahani, mabakuli, vikombe, glasi, vijiko na uma. Tuko sita, wawili ni watoto. Vyombo vinatumika mara tatu kwa siku, vinaingia maikrowevu, na vinaoshwa kwa mkono. Mashine ya kuoshea huenda ikaja baadaye.

Nimechuja zikabaki seti tatu. Ya kwanza ni ya udongo mweupe yenye maua, hiyo ndiyo ya bei chee. Ya pili ni kauri nyeupe tupu, bei yake mara mbili na nusu ya ile. Ya tatu ni boni chaina yenye mstari wa dhahabu ukingoni, mara nane. Zote zinang'aa, zote muuzaji anasema "imara". Hiyo mara nane nailipia nini hasa? Na kama kuna mahali pa kubana hela na mahali pa kutobana, nionyesheni.

---

FundiTanuri

Dada, kabla ya bei uliza moto. Udongo wa kawaida kama huo wa maua huchomwa kwenye nyuzi 1,000 hadi 1,150 hivi za Selsiasi. Hapo umeshikana lakini haujaziba. Ndani una vitundu kama sponji, na unaweza kunywa maji asilimia 5 hadi 15 ya uzito wake. Kinachozuia maji ni glezi peke yake, yaani lile tabaka la kioo la juu. Kauri huchomwa nyuzi 1,250 hadi 1,400, udongo unayeyuka kiasi na kujiziba wenyewe, na maji yanayoingia ni chini ya asilimia 0.5. Katikati yake kuna stonweya, ile mizito yenye rangi za udongo, inayochomwa nyuzi 1,200 hadi 1,300.

Sasa tazama matokeo yake jikoni. Sahani ya udongo ikipata pengo dogo ukingoni, maji ya kuoshea yanaingia mwilini mwake. Inaanza kunuka, inapata madoa ya kahawia chini ya glezi ambayo hakuna sabuni itayatoa, na kwenye maikrowevu inachemka yenyewe huku chakula kikiwa vuguvugu, kwa sababu maikrowevu inapasha yale maji yaliyojificha. Hata bila pengo, unyevu ukipenya kidogo kidogo udongo hutanuka kwa miaka. Glezi haitanuki nao, inavutwa mpaka inachanika mistari myembamba kama utando wa buibui. Kauri ikimeguka inabaki kuwa chombo kikavu. Ni mbaya kwa macho tu, na kwa kidole usipokuwa makini.

Dukani pindua sahani. Angalia pete ya chini inayokalia meza. Kauri mara nyingi huachwa bila glezi hapo: pete ni nyeupe, ngumu, laini. Weka tone la maji au kidole kilicholowa. Likinywewa na kuacha baka jeusi ndani ya sekunde chache, huo ni udongo wenye vitundu. Vyombo vya udongo mara nyingi hupakwa glezi hadi chini, kwa hiyo tafuta vidoa vitatu vidogo vya mikwaruzo nyuma ya sahani: hapo ndipo ilipokalia vijiti tanurini. Ukiviona, na mwili ni mzito usiopitisha mwanga, usidanganywe na neno "kauri" kwenye boksi.

Kisha iweke kwenye ncha za vidole vitatu na uigonge ukingoni kwa ukucha. Kauri hulia kama kengele, udongo hutoa mlio butu. Mlio ukikatika ghafla kwenye kauri, kuna ufa ambao jicho halijauona. Iache.

---

Mkwaruzo

Naongezea kwa FundiTanuri: pete hiyohiyo ipapase kwa kidole. Ikiwa inakwangua kama msasa, ukizipanga sahani itamkwangua mwenzake wa chini kila siku. Duka zuri huwa limeisugua. Kasoro hii iko hata kwenye seti za bei mbaya.

Kuhusu boni chaina: ndani yake kuna majivu ya mifupa, kwa kawaida asilimia 30 kwenda juu, kwenye nyingi karibu 45. Ndiyo maana ni nyembamba, nyeupe ya maziwa, na ukiweka mkono nyuma yake mbele ya taa unaona kivuli cha vidole. Watu wengi huidhani laini, kumbe mwili wake ni mgumu sana kuvunjika ukilinganisha na unene wake. Udhaifu uko juu: glezi yake huchomwa kwa moto mdogo, nyuzi 1,080 hivi, hivyo inapata mikwaruzo ya visu mapema kuliko kauri iliyopikwa nyuzi 1,400.

Kwa matumizi yako ya mara tatu kwa siku, mimi nisingetazama boni chaina wala maua. Ningetafuta kauri ya hotelini. Ile hutengenezwa kwa kuongeza oksidi ya alumini mahali pa sehemu ya mchanga wa kwazi, na ukingo wake umevimba kidogo, wa duara, si mkali. Ukingo ndio unaogongwa na bomba la sinki na sahani nyingine. Sahani yenye ukingo mwembamba ulionyooka itapata mapengo hata ikitoka kiwanda gani. Kwa hiyo kati ya sahani mbili za kauri, chagua yenye mdomo mnene kabla hujasoma jina lililoandikwa nyuma.

---

Kombe_Tupu

Mbona mnazunguka? Ana watoto wawili. Anunue melamini, haivunjiki, kesi imeisha.

---

FundiTanuri

Mkuu, kesi haijaisha. Kasema vyombo vinaingia maikrowevu. Melamini haingii humo. Ni plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa melamini na fomaldehaidi, na ikipata moto, hasa pamoja na chakula chenye tindikali kama ndimu, siki au nyanya, kemikali hizo zinaanza kuhamia kwenye chakula. Joto la kuanza kuogopa ni nyuzi 70 hivi kwa chakula cha namna hiyo. Kwa vitu baridi au vya vuguvugu, watoto watumie bila wasiwasi. Ikishapoteza mng'ao na kuwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, itupwe.

---

KiooCheupe

Kuna njia ya kati ambayo hamjaitaja: kioo cheupe kisichopitisha mwanga kilichotiwa ugumu kwa joto. Ni chepesi, hakinywi maji hata kidogo, kinaingia maikrowevu, na kwa kawaida ni nafuu kuliko kauri. Corelle ya Marekani, iliyoanza 1970, ni ya namna yake: matabaka matatu ya kioo yaliyounganishwa, la ndani likivutwa na ya nje yakibanwa.

Ubaya wake lazima ujulikane. Nguvu yake yote iko kwenye ngozi ya juu iliyobanwa. Mkwaruzo wa kina ukivuka ngozi hiyo, chombo kinaweza kupasuka siku nyingine bila kuangushwa, na kikipasuka kinasambaa chumba kizima, vipande vingine vikali. Kwa hiyo usikisugue kwa stilwaya, usikikatie nyama kwa kisu cha meno, na chenye pengo kiondoke siku hiyohiyo. Kwa watoto bado nakipendekeza, maana kinavumilia kugongwa na kijiko na kuanguka kutoka urefu wa kiti kuliko kauri. Kwenye sakafu ya vigae hakuna chenye dhamana.

---

Bi_Sinia

Asanteni, nimewapata. Maswali mawili. Ule mstari wa dhahabu una shida gani? Na mistari ya kijivu inayotokea kwenye sahani nyeupe baada ya miezi michache, hiyo ni glezi imekwisha?

---

Mkwaruzo

Dhahabu kwanza: ni metali halisi iliyopakwa juu ya glezi na kuchomwa tena nyuzi 700 hadi 850 hivi. Kwenye maikrowevu inatoa cheche na kuungua. Kwenye mashine ya kuoshea, dawa kali na joto huimenya polepole. Ukipanga, lazima uweke kitambaa au karatasi kati ya sahani na sahani. Kwa kifupi unanunua vyombo vya wageni kwa bei mbaya, halafu unataka vifanye kazi ya kila siku.

Mistari ya kijivu kwa kawaida si mikwaruzo. Glezi ni ngumu kuliko uma na kisu, kwa hiyo chuma ndicho kinachoachia unga wake juu ya sahani, kama penseli kwenye karatasi. Pitisha ukucha: usipokwama, ni chuma tu. Changanya soda ya kuokea vijiko vitatu na maji kijiko kimoja, paka, sugua kwa kitambaa chenye unyevu dakika moja au mbili, suuza. Ikigoma, tumia poda ya kusafishia yenye tindikali ya oksaliki, ukivaa glavu, na suuza sana. Ukucha ukikwama, huo ni mkwaruzo wa kweli na hautoki. Glezi zisizong'aa, zile za mtindo wa kisasa za kijivu na nyeusi, hushika mistari hii vibaya zaidi kwa sababu uso wake una chembechembe ndogo kama tupa. Nyeupe inayong'aa haikutesi hivyo.

---

FundiTanuri

Na maua je? Paka kidole juu yake huku ukiinamisha sahani kwenye mwanga. Ukihisi kingo za ua zimeinuka, rangi iko juu ya glezi, inagusana na chakula na itachujuka. Ikiwa uso ni laini moja kwa moja na ua linaonekana kama liko chini ya maji, rangi imefunikwa na glezi, hiyo inadumu.

Rangi kali za ndani, nyekundu, chungwa na manjano, ndizo za kuulizia cheti, maana huko ndiko risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, hupenda kukaa. Kanuni ya Ulaya ya 1984 inataka sahani ilowekwe kwenye tindikali ya asetiki asilimia 4, nyuzi 22, kwa saa 24, na risasi inayotoka isizidi miligramu 0.8 kwa kila desimita ya mraba. Kwa vyombo vyenye kina kama bakuli na kikombe, miligramu 4 kwa lita. Kadimiamu ni 0.07 na 0.3. Unaweza kuacha siki nyeupe usiku kucha kwenye sahani moja: rangi ikififia au glezi ikifa mng'ao, irudishe. Ila isipobadilika hujathibitisha kuwa ni salama, umeshindwa tu kuikamata. Njia rahisi ni kununua nyeupe ndani, maua yawe nje.

---

Kombe_Tupu

Vijiko basi: chukua sumaku. Ikinasa ni feki, isiponasa ni stenlesi safi.

---

KiooCheupe

Hapo mkuu utampoteza dada wa watu. Muhuri wa 18/10 kwenye kijiko maana yake kromiamu asilimia 18 na nikeli 10, na sumaku hainasi au inanasa kwa mbali. 18/0 haina nikeli, inanasa, lakini ni stenlesi halali. Inafubaa na kushika vidoa vya kutu mapema tu. Kuna pia stenlesi ya nafuu ambayo nikeli nyingi imebadilishwa na manganizi: sumaku hainasi, na bado inapata kutu. Na visu vizuri vinanasa sumaku makusudi, kwa kuwa chuma cha 18/10 hakiwezi kutiwa ugumu wa kushika makali. Kwa hiyo sumaku peke yake haihukumu.

Angalia unene wa shingo ya kijiko. Milimita 2.5 ni imara, chini ya 1.5 kitapinda. Kisha chungulia kati ya meno ya uma. Kiwanda kinachobana gharama husugua mbele na nyuma na kuacha katikati kukiwa na kwaruzakwaruza, na hapo ndipo mabaki ya chakula yanapokwama. Hii ndiyo ishara ninayoiamini kuliko muhuri. Usiviloweke usiku kwenye maji ya chumvi wala ya dawa ya klorini. Vinatobolewa vidoa vidogo visivyosuguliwa vikatoka.

Vijiko ndipo pa kutobana hela, maana vizuri havina mwisho. Glasi ndipo pa kubana. Zinavunjika zote. Usinunue kristali ya risasi kwa maji ya kila siku. Ile ya asili ina oksidi ya risasi asilimia 24 au zaidi.

---

Mkwaruzo

Tupige hesabu sasa. Ichukue seti ya maua kuwa fungu moja. Tuseme inakufaa miaka miwili kabla mapengo na harufu hazijakuchosha. Kauri tupu kwa mafungu mawili na nusu inatakiwa idumu miaka mitano ili mlingane, na hiyo inafika bila jasho. Boni chaina kwa mafungu manane inatakiwa idumu miaka 16, bila maikrowevu. Jibu umeliona.

Sharti moja: muulize muuzaji kama anauza kipande kimojakimoja na kama muundo huo utaendelea kuletwa. Seti ya sahani sita ikibaki nne imekufa hata kama hizo nne ni mpya.

---

Bi_Sinia

Basi ni kauri nyeupe tupu. Ninunue ngapi, na saizi gani?

---

FundiTanuri

Watu sita: sahani kubwa nane, mabakuli nane, sahani ndogo sita, vikombe kumi. Vikombe hufa kwanza, na hufia kwenye mkono, kwa hiyo kagua maungio yake kwa taa ya simu; mstari mwembamba hapo ni ufa wa tanurini. Bakuli la mililita 600 hivi linatosha. Sahani kubwa ni sentimita 26 hadi 28, lakini pima kwanza sahani ya kuzunguka ya maikrowevu yako na kina cha kabati. Nyingi za maikrowevu ndogo ni sentimita 24.5, na sahani ya 28 itagonga ukuta isizunguke. Ukikuta hivyo, chukua za 26 na uijaribu moja kabla ya kulipia nane.